Waliokuwa Kati ya Maduara Mawili

Kahama, 23 Novemba 1997

Wiki ya tatu ya mvua. Redio imeipa jina la kigeni, kana kwamba ikishapata jina itatusikia tukiiomba ipungue.

Mhariri amenirudishia makala yangu juu ya machimbo. Amesema lugha ni kali. Niliandika kwamba matimba yanayoshikilia kuta kule chini yameoza, na kwamba ofisi zetu zinajua zaidi idadi ya mifuko ya mawe inayotoka ardhini kuliko idadi ya watu wanaoingia. Kipi hapo ni kikali, lugha au jambo lenyewe? Miaka ishirini nimefundisha watoto kuandika sentensi yenye kiima na kiarifu. Nilipoitumia sentensi hiyo kumtaja ofisa mmoja gazetini, wakaninyang'anya chaki. Sasa wananinyang'anya na gazeti.

1 Desemba

Mvua.

20 Desemba

Habari imefika na lori la mkaa. Jana asubuhi bwawa la kuoshea mchanga pale machimbo ya Ilulumbi, ng'ambo ya Segese, lilipasuka. Maji yameingia kwenye maduara. Dereva hakujua idadi ya waliokuwa chini. "Wengi, Mwalimu," alisema, na kuendelea kushusha magunia.

22 Desemba

Nimefika Ilulumbi kwa miguu kutoka pale barabara ilipokatika.

Duara ni shimo la wima, mdomo wake haupiti upana wa meza ya kulia chakula. Watu hushuka kwa kamba hatua sabini, themanini, halafu huufuata mwamba kwa ubavu. Juu kila duara lina mwenyewe na vigingi vinne. Chini hakuna vigingi. Mwamba hauendi kwa mstari, na watu wanaoufuata hukutana na wa jirani. Wenyewe husema maduara yametobokeana. Wenye maduara huapa hadharani kwamba kwao jambo hilo halijatokea.

Maji yalikuwa yameshanyonywa, umebaki uji wa udongo. Miili sita imetolewa. Ofisa wa madini alisimama juu ya boneti ya gari akatangaza: maduara yote ya Ilulumbi yatafukiwa mwanzoni mwa Februari, kwa sababu ya usalama na magonjwa. Lile litakaloonyeshwa kwa ushahidi kwamba lina watu litafunguliwa kwanza, watu watolewe, ndipo lifukiwe. Lisilo na majina litafukiwa kama lilivyo. Orodha ifike kabla ya tarehe ishirini na tano Januari.

Nilipiga kelele kumuuliza ni nani aliyeona orodha ya walioshuka ikiandikwa. Akaniambia, "Mama, wewe siyo mchimbaji." Nikamwambia hata yeye siye, tofauti yetu ni boneti tu. Watu wakacheka. Halikumfikisha mtu popote.

Pembeni walikuwa wanawake wawili wamekaa kwenye khanga moja. Scolastika, wa makamo kama mimi, na Lusia, mdogo wake kwa miaka kumi na tano. Wote wake wa Masele, mmoja wa wachimbaji ambao hawajatolewa. Nikawapa pole.

"Mwangaluka, mayo," alinijibu Scolastika, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limeshapinda. Halafu akasema, "Wewe ndiwe unayegombana na wakubwa? Basi gombana. Mimi namtaka Masele. Hata kiganja. Nikamlaze kwake, nijue nikikanyaga wapi nimemkanyaga."

27 Desemba

Kamati imeundwa. Mwenyekiti ni Sostenes, katekista, mtu wa kunyoosha nguo na maneno. Tutakusanya ushahidi wa kila aliyekuwa pale. Maneno yaleyale yatoke vitabu viwili: kimoja kwa mpangilio wa mashahidi, kwa ajili ya wakili atakayewasimamia ndugu mahakamani, kingine kwa mpangilio wa maduara, kwa ajili ya ofisi itakayoamua lipi lifunguliwe.

"Kazi ya uandishi apewe Mwalimu Apolonia," alisema Sostenes, "ila tumwombe asitie pilipili."

Nikasema pilipili imeshatiwa na bwawa.

2 Januari 1998

Kompyuta iko kwa Nikhil, mtoto wa mzee Champaklal mwenye duka la vyombo. Nikhil ana miaka thelathini na minane, amefanya kazi ng'ambo kwenye kiwanda cha uchapaji, Pune, na amerudi na ujuzi ambao Kahama haikuwa imeuomba. Amejitolea bure.

Kazi yenyewe: ninachapa ushahidi, halafu ninauwekea alama. Pale shahidi anapoanza naweka alama ya kufungua, anapomaliza ya kufunga. Vivyo hivyo kwa duara linalozungumziwa, na kwa kila jina la mtu. Programu ya Nikhil husoma alama na kuyapanga maneno upya, kwa shahidi au kwa duara, utakavyo.

"Sharti ni moja, Mwalimu." Alikwenda dukani akarudi na seti ya sufuria. "Ona. Ndogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kubwa zaidi. Alama zikae hivi. Ukifungua moja ndani ya nyingine, uifunge humohumo."

"Na zikikatana?"

"Umeshaona sufuria iliyoingia nusu ndani ya mwenzake na nusu nje?"

"Nimeona watu," nilisema.

Mzee Champaklal alikuwa mlangoni. "Nikhil, hiyo seti uirudishe kama ilivyo. Jana umerudisha mifuniko ya seti nyingine."

6 Januari

Umeme hakuna.

9 Januari

Leo Scolastika na Lusia wametoa ushahidi. Niliwaita mmoja mmoja. Wakaja wote. Nikamwomba Lusia asubiri nje, na Scolastika akasimama kutoka naye.

"Tukae wote," alisema. "Yeye ana mwanzo, mimi nina mwisho."

Naunakili kama nilivyouandika, maana ndiyo kazi yangu.

Lusia: "Ilikuwa saa moja asubuhi. Nilimpelekea uji pale kwenye duara la Bujiku. Alikunywa amesimama, akashuka kwa kamba ya Bujiku na wenzake wanne, nikiwaona kwa macho. Aliniambia kwa Bujiku mwamba umekufa, wametoboa ukuta tangu juzi, wanafanyia kazi upande wa pili. Basi walipita kwenye tobo, wakaingia duara la jirani, la Marcel. Mimi hapo ndipo—"

Scolastika: "Hapo ndipo nilipo mimi. Nilikuwa naosha mchanga karibu na mdomo wa Marcel. Nikasikia naitwa kutoka chini. Nikajua ni sauti ya Masele. Nikainama nikamwuliza, umeshukia wapi wewe? Akacheka. Akasema waambie watushushie taa nyingine, tuko mimi, Jidayi, Ng'wandu, Mihayo na Lubinza. Nikaenda kutafuta taa. Nikiwa njiani na taa, ndipo yale maji."

Lusia hamtaji mumewe kwa jina. Ndivyo alivyojiwekea: ni "yeye" tu, au "mwenzetu". Scolastika ndiye anayetaja. Nilimwuliza Lusia kama ana la kuongeza. "Yaya," alisema. Hapana.

Aliyemwona akishuka hakumsikia. Aliyemsikia hakumwona akishuka. Bila mmoja wao, Masele ama yuko kwa Bujiku, ama hayuko popote.

11 Januari

Bujiku amekuja. Amesema waliokufa kwake ni kumi na tisa, ametaja wote, amelia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

12 Januari

Marcel amekuja amevaa koti. Amesema kwake hakushuka mtu siku hiyo, kamba ilikuwa imekunjwa. Hilo huenda ni kweli. Nilipomwuliza juu ya tobo alisema, "Mwalimu, duara langu ni zima kama yai." Nikamwita mwongo mbele ya kamati. Sostenes akaniomba nifute. Nikafuta kwenye karatasi.

13 Januari

Tumegombana na Nikhil mchana kutwa.

Maneno juu ya duara la Marcel yanaanzia kinywani mwa Lusia na kuishia kinywani mwa Scolastika. Alama ya Marcel inafunguliwa ndani ya Lusia, na kabla haijafungwa Lusia anafungwa. Mashine imekataa. Imeandika mstari mmoja wa kunifokea na kusimama.

"Hapo ndipo zinapokatana," alisema Nikhil. "Tukate kipande cha Marcel viwili. Nusu ndani ya Lusia, nusu ndani ya Scolastika, vyote tuvipe namba moja. Nitaiambia programu iviunganishe. Nipe siku tatu, nne."

Nikamwambia simkati mtu. Nikamwambia historia yote ya ofisi za nchi hii, tangu za Mjerumani, ni historia ya kuyakatakata maneno ya wakulima yaingie kwenye fomu. Nikamwambia mashine yake ni karani wa kikoloni aliyepewa umeme. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa mazuri.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Mwalimu, mimi nakata alama, sikati maneno."

Nikamwambia hajui tofauti.

14 Januari

Mvua. Sikwenda.

19 Januari

Nimemaliza. Nimeamua mwenyewe: shahidi ndiye sufuria kubwa, na hakatwi na chochote. Mashine ikigoma, nafunga alama ya duara pale shahidi anapofungwa, tunaendelea mbele. Leo imekubali kurasa zote mia moja na nne bila neno. Nikhil alikuwa Shinyanga mjini kununua vifaa vya mashine. Nimejisikia kama niliyemshinda mtu.

23 Januari

Vitabu vimechapwa. Kile cha mashahidi nimekisoma chote, neno kwa neno, na niseme bila haya kwamba hakuna gazeti katika nchi hii lililowahi kuchapa kitu kama hiki. Watu wanaongea. Unawasikia wakimeza mate.

Kile cha maduara ni orodha za makarani. Nimehesabu kurasa, zimetimia. Sostenes ameondoka navyo vyote asubuhi, kimoja kwa wakili, kingine ofisini.

29 Januari

Jua, saa tatu nzima.

4 Februari

Leo kamati imesoma nakala ya kitabu cha maduara kwa sauti mbele ya ndugu, ukumbini. Sostenes alisoma. Ana sauti nzuri ya kusoma majina.

Duara la Bujiku, kumi na tisa. Kila jina likitajwa, mtu mmoja ukumbini alikuwa anainamisha kichwa. Maduara mengine matatu, wanane. Halafu akasoma: "Duara la Marcel. Watu: hakuna."

Scolastika alikuwa mstari wa pili. Alisubiri. Sostenes akafunga kitabu.

"Bado," alisema Scolastika.

"Mama, ndiyo mwisho."

"Sijamsikia Masele."

Sostenes akafungua tena, akapitisha kidole kurasa zote, taratibu, na ukumbi wote ukikitazama kidole. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshaelewa kabla kidole hakijafika nusu.

Nilifunga alama ya Marcel pale Lusia aliponyamaza. Scolastika alipoanza, sikuifungua tena. Majina matano yote yalikuwa kinywani mwa Scolastika, nje ya kila duara. Programu iliulizwa nani yuko kwa Marcel, ikaangalia ndani ya alama, ikakuta nusu ya habari isiyo na jina hata moja, kwa kuwa Lusia hataji jina. Ikajibu kwa unyofu: hakuna. Haikukosea. Kwenye kitabu cha mashahidi Masele yupo ukurasa wa sitini na mbili, anacheka, anaomba taa. Nimeusoma ukurasa huo mara tatu kwa kujipenda.

"Labda amerukwa kwenye kuchapa," alisema Sostenes. Alitaka kunisaidia.

"Hakurukwa," nilisema. "Nimemwacha nje."

Lusia aliniuliza, "Nje ya wapi, Mwalimu?"



5 Februari

Tumekwenda Ilulumbi na gari la Nikhil: yeye, Scolastika, Lusia na mimi. Tumesukuma mara nne. Nikhil hakuzungumza nami zaidi ya kazi ya kusukuma, na nilimshukuru.

Wamefungua kwa Bujiku. Tumekuta wanatoa miili. Kwa Marcel tingatinga lilipita juzi, Jumanne, mapema, kwa kuwa lilikuwa duara jepesi: halikuwa na watu. Mahali palipokuwa mdomo pana duara la udongo mwekundu uliosawazishwa, na alama za minyororo ya tingatinga kama maandishi ya mtu mwenye haraka.

Nilimfuata ofisa. Alinionyesha orodha yangu. Ameipigia mstari kwa rula. "Mama, tumefuata kitabu chenu."

6 Februari

Scolastika ndiye aliyeona njia. "Walipitia kwa Bujiku," aliwaambia wanaume waliokuwa wakitoa miili. "Nanyi piteni kwa Bujiku."

Ofisa alikataa. Duara la Bujiku lina watu kumi na tisa, wote wametoka, linafukiwa kesho. Nikasimama mbele ya tingatinga. Nimewahi kuandika mara nyingi juu ya watu wanaosimama mbele ya mitambo; sikuwahi kuandika kwamba dereva huwa anakutazama kwa huruma na kuzima injini akaenda kula. Bujiku akajitokeza akasema ni duara lake na kamba ni yake. Kesho, kabla ya kufukiwa, watashuka wachimbaji wanne.

7 Februari

Walishuka saa mbili asubuhi. Walipanda saa tano. Aliyetangulia kutoka aliketi chini akaomba maji, akanawa uso kwanza.

"Tobo lipo," alisema. "Tumelipita. Hatua kumi na mbili ndani kwa Marcel, njia imefungwa."

"Kwa tope?" aliuliza Bujiku.

"Tope tunalijua. Huu ni udongo mkavu mwekundu. Wa juu." Alifungua kiganja akaonyesha. "Umeingia juzijuzi. Matimba yamekatika kwa uzito wake, yamepasuka meupe, mapya. Tumegonga, tumeita. Hakuna pa kushika."

"Na kama kusingekuwa kumefukiwa?" niliuliza. Ilibidi niulize, na ilibidi waliopo wote wasikie.

"Ah, mama. Kusingekuwa kumefukiwa, tungekuwa tunapanda nao sasa hivi."

Lusia alikwenda pembeni. Scolastika aliuchukua udongo ule kutoka mkononi mwa yule mtu, akautazama, akautupa. Hata hakujifuta.

8 Februari

Nimewafuata nyumbani kwao kuwaeleza. Nimeeleza yote, bila kutaja Mjerumani: sufuria, alama, siku nne alizoomba Nikhil nikamnyima, kitabu nilichosoma na kile nilichohesabu kurasa tu. Scolastika alikuwa anapembua mtama. Hakuacha.

"Tulikuja wawili makusudi," alisema nilipomaliza. "Tulijua habari yenyewe imekaa vibaya. Nikamwambia mwenzangu, wewe shika huku, mimi nitashika huku, Mwalimu apite katikati asianguke."

"Nisamehe, dada."

"Nani amekuuliza kuhusu msamaha? Masele yuko wapi?"

"Kwa Marcel."

"Basi kaandike."

15 Februari

Nikhil amemaliza. Safari hii hakukata kitu. Ametengeneza alama isiyofungua wala kufunga, imesimama tu kama kigingi njiani: hapa linaanza duara la Marcel, mbele kidogo, hapa linaishia. Shahidi yeyote apite katikati, haikatai. Imemchukua siku tatu. Programu imetoa: Duara la Marcel, watu watano. Masele wa kwanza.

Nilimwambia alikuwa na haki tarehe kumi na tatu Januari.

"Najua," alisema. Akanipa kiti.

17 Februari

Nimeongeza ushahidi wangu mwishoni mwa kitabu cha mashahidi. Sostenes anataka uondolewe: wakili wa upande wa pili atautumia kusema kitabu kizima hakiaminiki. Ana hoja. Nimekataa. Tumekubaliana kupiga kura. Umebaki, kwa kura moja, yake.

9 Machi

Jibu la ofisi. Orodha iliyorekebishwa haiwezi kupokelewa. Duara la Marcel halimo tena katika daftari la maduara, kwa kuwa limefukiwa, hivyo hakuna mahali pa kuingiza watu wake. Wameshauri watu hao watano waingizwe duara lingine lililo jirani, au waombewe utaratibu mwingine. Barua ina mihuri miwili.

Nilianza makala. Nimeandika kurasa tisa. Nimezisoma asubuhi: ni nzuri. Nimeziweka.

20 Machi

Mvua inapungua. Wachimbaji wameanza kurudi Ilulumbi. Hakuna aliyewakataza. Ofisi imehama na boneti yake.

Scolastika amejenga kibanda cha nyasi juu ya ule udongo mwekundu, asije mtu akafungua duara jipya kifuani mwa mumewe. Wiki hii yuko yeye, wiki ijayo Lusia, mmoja kule na mmoja nyumbani kwa watoto na mtama.

2 Aprili

Lusia amekuja Kahama kwa miguu. Hakukubali kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mavuno yameingia. Tukigawana wawili, shamba linaoza. Dada amesema zamu ni tatu sasa. Yako inaanza Jumatatu. Uje na blanketi, na chumvi imekwisha."

Nilimjibu marahaba. Sikuulizwa kama ninakubali.

8 Aprili, Ilulumbi

Siku ya tatu ya zamu. Nimepika ugali mbaya. Wanawake wanaoosha mchanga wameutazama na kusema Mwalimu anajua kusoma tu.

Leo amekuja mtu, mgeni, ana sululu, kamba na matimba mabichi matano begani. Akasalimia vizuri. Akauliza hapa ni kwa nani.

"Kwa Masele."

"Simjui. Mwenye duara?"

"Hapana. Yuko chini." Nikamwambia yote, tangu uji mpaka taa, nikamtajia na wengine wanne kwa majina. Nikamwambia kule chini kumetobokeana, hakuna mwenye kujua mwamba unakwenda wapi. Nilizungumza vizuri. Nilitumia kila nilichonacho.

Alivua kofia. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akanipa pole, na alimaanisha. Halafu akageuka, akahesabu hatua ishirini kutoka mlangoni pa kibanda, kwa heshima, hatua ndefu, akapigilia vigingi vinne, akaanza kuchimba.